Lang'ata na Kibra: Eneo bunge lililokatwa mahali penye ukuta

Asubuhi ya tarehe 27 Desemba 2007, Raila Odinga alifika Shule ya Msingi ya Old Kibera kupiga kura, akaambiwa jina lake halimo kwenye sajili. Ikabidi aondoke. Tume ya uchaguzi ikalishughulikia jambo hilo, naye akarudi baadaye siku hiyohiyo akapiga kura yake. Ghasia za baada ya uchaguzi zilizoikumba nchi siku chache mbele ziliifunika asubuhi ile, na ilikuwa haki ziifunike, maana damu ilimwagika. Hata hivyo, mimi nimekuwa nikiirudia mara kwa mara, kwa sababu ndipo unapouona uzito wa ajabu uliokuwa umebebeshwa eneo bunge moja la pembezoni mwa Nairobi.

Siku hiyo Raila alikuwa akigombea viti viwili kwa mpigo. Alitaka urais, na alitaka pia kuendelea kuwa mbunge wa Lang'ata, kwa kuwa katiba ya zamani ilimtaka Rais awe mbunge aliyechaguliwa. Angeweza kupata kura milioni kadhaa kutoka Mombasa hadi Busia, na bado akikosa Lang'ata, Ikulu ingemponyoka. Wapinzani wake walilijua hilo vizuri. Ndiyo maana kampeni ya Stanley Livondo, aliyesimama Lang'ata kwa tiketi ya PNU, chama cha Rais Mwai Kibaki, ilifuatiliwa na nchi nzima kana kwamba ni mbio za urais zenyewe.

Sasa tazama eneo bunge lenyewe lilikuwa na nani. Upande mmoja, Karen, nyumba zimejificha nyuma ya michongoma na miti mirefu, shamba la mtu mmoja likitosha mtaa mzima wa kwingineko. Upande wa pili, Kibera, chumba cha futi kumi kwa kumi, kuta za udongo, paa la mabati, familia nzima ndani. Katikati yao mitaa ya wafanyakazi wa mishahara: Otiende, Ngei, Nairobi West, South C. Wote hao walikuwa na mbunge mmoja. Mwaka 2012 walikatwa, wakapewa wabunge wawili. Kisa ninachotaka kukichambua ni mkato huo: ulitoka wapi, ulimpa nani nini, na ulimwondolea nani nini.

Huwezi kuuelewa bila kuanza na ardhi. Kibera ilianza kama makao ya askari. Wanubi, wanajeshi wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza la King's African Rifles, walianza kukaa pale mwanzoni mwa karne iliyopita, na serikali ya kikoloni ikalitenga eneo la zaidi ya ekari 4,000 kwa matumizi ya jeshi. Wao ndio waliopaita Kibra, yaani msitu kwa lugha yao. Hawakupewa hati. Walikaa kwa ruhusa, na ruhusa haiandikwi kwenye masijala ya ardhi. Jiji likakua, ekari zikamegwa, mitaa rasmi ikajengwa juu ya sehemu za msitu ule, na kilichobaki kikajaa vyumba vya kupangisha. Wanubi wengi wakawa wenye nyumba wasio na ardhi. Waliohamia kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na kwingineko wakawa wapangaji wa watu hao, na wa wenye nyumba wengine ambao hawakuwahi kulala Kibera hata usiku mmoja. Kila mbunge aliyewahi kuchaguliwa pale aliukuta mgogoro huo mezani, na karibu kila mmoja aliuacha palepale.

Chukua mfano wa 1974, ambao naupenda kuliko yote katika historia ya kiti hiki. Mwangi Mathai alikuwa amejaribu 1969 akashindwa kwa kura chache. Mwaka 1974 alirudi, na katika kampeni aliwaahidi wapigakura kazi. Alishinda. Kwa wanasiasa wengi ahadi ya namna hiyo huisha siku ya kuapishwa. Aliyekosa usingizi kwa ajili yake alikuwa mkewe, Wangari, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliona wapigakura waliowaamini watarudi kuuliza, na wana haki ya kuuliza. Akaanzisha kampuni aliyoiita Envirocare, iwaajiri watu wasio na kazi kupanda miti, kitalu chake kikiwa katika msitu wa Karura. Pesa zilikosekana na kampuni ikafa. Wazo halikufa. Tarehe 5 Juni 1977, akiwa na Baraza la Kitaifa la Wanawake, alipanda miche saba Kamukunji, na kutoka miche ile likakua vuguvugu la Green Belt. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Wakati huo ndoa ilikwisha kuvunjika zamani, na jina la mbunge wa Lang'ata wa 1974 limebaki likikumbukwa na wachache.

Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kitu ambacho orodha ya wabunge haiwezi kuonyesha. Matunda makubwa zaidi ya kiti cha Lang'ata katika miaka ya sabini yalitoka kwa mtu ambaye hakukikalia, aliyeichukua ahadi ya jukwaani kana kwamba ni deni la dukani.

Novemba 1979 wapigakura walifanya jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu uhuru: walimchagua Mzungu. Philip Leakey, Mkenya, mwana wa wanaakiolojia Louis na Mary Leakey, alikipata kiti kwa tiketi ya KANU, ambayo wakati huo ndiyo tiketi pekee iliyokuwepo. Mwezi huohuo, kabla hata vumbi la kampeni halijatulia, alikuwa London amelazwa akitoa figo moja kumpa kaka yake Richard, aliyekuwa akifa kwa ugonjwa wa figo. Ndugu hao hawakuwa wakielewana sana. Watu hupenda kueleza ushindi wake kwa kusema Karen ilichagua mwenzao. Hesabu haikubali. Karen haikuwa na watu wa kutosha kumpeleka mtu bungeni peke yake, wala haikuwahi kuwa nao. Mzungu yule alipelekwa na kura za Waafrika, nyingi zikiwa za watu wa vyumba vya kupanga. Hiyo ndiyo siri ya Lang'ata ya zamani, na mtu asiyeishika hawezi kuelewa kilichofuata: jina la eneo lilikuwa la matajiri, kura zilikuwa za maskini.

Vyama vingi viliporudi, Desemba 1992, kura hizo zilipata mtu wa kuzikusanya.

Raila alikuwa ametoka kizuizini, mhandisi, mwana wa Jaramogi Oginga Odinga. Angeweza kwenda Nyanza akachaguliwa bila jasho. Alikuja Lang'ata kwa tiketi ya Ford-Kenya akaking'oa kiti mikononi mwa KANU. Kisiasa, uamuzi huo ulikuwa wa akili nyingi. Mbunge wa Nairobi huonekana ni wa nchi, mbunge wa kijijini huonekana ni wa kabila. Na Kibera ilimpa kitu ambacho hakuna eneo la mashambani lingempa: umati ulio mwendo wa miguu kutoka katikati ya jiji.

Baba yake alifariki Januari 1994. Raila akagombania uongozi wa Ford-Kenya na Michael Wamalwa, akashindwa, akahamia NDP. Hapo ikamkuta sheria yenye historia ya nyumbani kwao. Mwaka 1966 Bunge lilibadilisha katiba ili mbunge anayekihama chama kilichompeleka bungeni apoteze kiti na arudi kwa wapigakura. Sheria ile ilitungwa kumkomesha Jaramogi na wenzake waliohamia KPU. Miaka thelathini na moja baadaye, Machi 1997, mwanawe aliingia katika uchaguzi mdogo kwa sheria hiyohiyo, huko Lang'ata, akashinda. Desemba mwaka huo akashinda tena. Akashinda 2002 ndani ya NARC, akashinda 2007 kwa ODM. Vyama vinne, kiti kimoja. Watu wa Kibera hawakuwa wakichagua chama, na sidhani waliwahi kujifanya wanachagua.

Je, waliwakilishwa? Hapa ndipo penye ugumu, na nitasema ninavyoamini. Waliwakilishwa mahali pakubwa na kupungukiwa mahali padogo. Raila alipokuwa waziri wa nishati, kisha wa barabara, kisha Waziri Mkuu kuanzia Aprili 2008, mtu wa Laini Saba, mtaa mmojawapo wa Kibera, alitembea jijini kifua mbele kwa sababu mbunge wake alikuwa mezani pa wakubwa. Heshima hiyo nimeiona machoni pa watu, na siidharau. Lakini kazi ya mbunge ina upande mwingine, wa mambo madogo: choo kilichofurika, shule isiyo na hati, mtoto aliyeitwa sekondari na hana karo. Upande huo unahitaji mtu anayelala akiuwaza. Mtu anayeiwaza Ikulu hawezi kuuwaza sawasawa, na sisemi hivyo kwa kumlaumu. Saa za siku ni zilezile kwa kila mtu.

Mwishoni mwa 2001 ilionekana wazi. Rais Moi alisema hadharani kwamba kodi za nyumba Kibera ni kubwa mno na zishushwe, na Raila, akiwa tayari katika serikali yake, alikuwa upande wa wapangaji. Kauli ile ilipendeza masikioni. Wapangaji wakaanza kukataa kodi ya zamani, wenye nyumba wakakataa mpya, na Desemba watu wakapigana kwa mapanga na mawe. Zaidi ya kumi waliuawa na wengi wakakimbia vyumba vyao. Mpangaji na mwenye nyumba walikuwa wapigakura wa mbunge mmoja, lakini wapangaji ni wengi na wenye nyumba ni wachache, wengi wao Wanubi. Katika siasa ya idadi, mchache hana mtetezi. Sioni kwamba kodi ilikuwa ya haki. Ilikuwa kubwa kweli kwa chumba kisicho na maji wala mtaro. Ninachosema ni kwamba amri ya kushusha kodi bila kugusa suala la hati ilikuwa kumwachia jirani amalizane na jirani.

Jaribio la maana lilikuja Septemba 2009, serikali na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, walipoanza kuwahamisha wakazi wa Soweto Mashariki ili mabanda yao yabomolewe na kujengwa upya. Walipelekwa kwenye majengo ya ghorofa yenye nyumba 600 upande wa Lang'ata, karibu na gereza la wanawake. Wenyewe walipaita Kanaani. Familia tatu ziligawana nyumba moja ya vyumba vitatu, kila familia chumba chake, jiko na choo vya pamoja. Kwa mtu aliyekuwa akipanga foleni ya choo cha kulipia, hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Ukisimama juu ya reli pale Laini Saba unaona jinsi umbali ulivyo mfupi: mabati yametanda chini yako hadi bondeni, na ng'ambo yamesimama maghorofa ya Nyayo Highrise, nguo zimeanikwa kwenye roshani, unaweza kuhesabu mashati. Reli yenyewe iling'olewa hapo wakati wa ghasia za 2008. Treni ikakwama, na watu wakaendelea kuvuka kama kawaida.

Kisha ikaja katiba ya 2010, na hesabu zake.

Maeneo bunge yaliongezwa kutoka 210 hadi 290, na Ibara ya 89 ikataka idadi ya watu katika kila eneo iwe karibu na wastani wa nchi. Majiji yaliruhusiwa kupita au kupungua kwa asilimia 40. Sensa ya 2009 ilihesabu Wakenya milioni 38.6, gawanya kwa 290 unapata wastani wa watu 133,000 hivi, na kikomo cha juu cha eneo la jiji kikawa kama 186,000. Lang'ata ilikuwa na zaidi ya 350,000. Hapakuwa na mjadala kama ikatwe. Mjadala ulikuwa ikatwe wapi. Tume ya muda ya mipaka, iliyoongozwa na Andrew Ligale, ilianza kazi, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ikaimaliza Machi 2012, na Nairobi ikatoka maeneo bunge 8 hadi 17.

Sensa hiyohiyo ilitoa tarakimu iliyowashtua wengi: mtaa wa mabanda wa Kibera ulikuwa na watu 170,070. Kwa miaka mingi wafadhili, waandishi na hata wanasiasa walikuwa wamesema ni watu milioni moja. Waliozoea milioni wakaona wamedhulumiwa. Mimi naona ile tarakimu ndogo iliwasaidia. Mtaa wa watu milioni moja ni maajabu ya kutembeza wageni. Mtaa wa watu 170,070 ni eneo bunge, lenye haki ya mbunge wake.

Kwa hiyo mpaka ukapita kati. Kibra ikapata wadi za Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley pamoja na Kenyatta Golf Course. Lang'ata ikabaki na Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise. Hata jina lilirudi lilikotoka: Kibra, kama walivyotamka Wanubi, na Wanubi waliona hilo ni heshima. Juni 2017 walipewa hati ya pamoja ya ekari 288, baada ya zaidi ya miaka mia ya kukaa kwa ruhusa. Ukiziweka ekari hizo kando ya zile 4,000 za mwanzo utaelewa kwa nini wazee wengine walizipokea kwa furaha isiyo na kicheko.

Faida ya kwanza ya mkato ilikuwa ya pesa. Sheria ya 2003 ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge iligawa robo tatu ya fedha sawasawa kwa kila eneo, na robo iliyobaki ikafuata kiwango cha umaskini. Kwa kanuni hiyo, eneo kubwa lenye watu wengi lilipata fungu sawa na eneo dogo. Kibaya zaidi, umaskini ulipimwa kwa wastani. Mchanganye mtu wa Karen na mtu wa Lindi, gawanya kwa mbili, utapata mtu wa wastani ambaye haishi popote. Baada ya mkato, Kibra ilipata fungu lake na hali yake ikahesabiwa kwa jina lake.

Ikabaki kumpata wa kulitumia. Machi 2013 Kibra ilimchagua Ken Okoth.

Alizaliwa Kibera mwaka 1978, akasoma Shule ya Msingi ya Olympic palepale mtaani, akapata ufadhili kwenda shule ya Starehe, kisha masomo ya juu Marekani, ambako pia alifundisha. Alirudi. Katika ngome ya ODM tiketi ya chama ndiyo uchaguzi wenyewe, kwa hiyo huwezi kusema alishinda kwa sera peke yake. Unachoweza kusema ni alichofanya alipokwisha kukaa. Aliyaelekeza mapesa ya hazina kwenye elimu kwa ukaidi: madarasa ya shule za umma, shule za sekondari ndani ya eneo ambalo watoto wengi walikuwa wakisoma kwenye vibanda vya watu binafsi, na basari. Katika eneo lile basari si msaada mdogo. Msichana aliyekosa karo ya kidato cha kwanza mwezi wa Januari, kufikia mwezi wa Aprili huwa ameanza maisha mengine kabisa.

Wapo waliosema mbunge hafai kuhukumiwa kwa kugawa pesa, kwa kuwa kazi yake ni kutunga sheria na kuisimamia serikali, na hazina ile ilikuwa imemgeuza kuwa diwani mkubwa. Hoja hiyo ina nguvu. Februari 2015 Mahakama Kuu iliitangaza sheria ya hazina kuwa kinyume cha katiba, na Bunge likalazimika kuiandika upya. Lakini nikiwa mkweli, mtaa ambao serikali ilikataa kwa vizazi kuuona kwenye ramani unahitaji kwanza mtu wa kuleta tofali. Okoth alikuwa pia mtu wa sheria, na hakuogopa mada ambazo wenzake walizikwepa. Februari 2019 aliueleza umma kwamba ana saratani ya utumbo iliyofika hatua ya nne. Alitibiwa Ufaransa, akarudi nyumbani, akafariki Nairobi tarehe 26 Julai 2019. Alikuwa na miaka 41. Aliyekuwa Kibra wiki ile anajua jinsi watoto wa shule walivyolia.

Uchaguzi mdogo wa tarehe 7 Novemba 2019 ndio uliokipima kiti kipya. ODM ilimsimamisha Bernard Imran Okoth, mdogo wa marehemu. Jubilee ikamleta McDonald Mariga, mwanasoka aliyewahi kuchezea Inter Milan. Karatasi zake zilikataliwa kwanza kwa kuwa jina lake halikuonekana kwenye sajili ya wapigakura, kisha kamati ya malalamiko ya tume ikamrudisha. Sajili tena, kama 2007. Eliud Owalo, aliyewahi kuwa mtu wa karibu wa Raila, alisimama kwa ANC. Na hali ya juu ilikuwa ya kutatanisha: Raila na Rais Uhuru Kenyatta walikuwa wamekwisha kusalimiana Machi 2018 na kuitana ndugu, lakini Uhuru alimvisha Mariga kofia ya chama mbele ya kamera, na Naibu Rais William Ruto akaitembelea kampeni kama yake.

Wafuasi wa ODM walikuwa na neno moja: Kibra ni chumba cha kulala cha Baba, yaani Raila. Neno lile lilichekesha wengi, mimi lilinikera. Chumba cha kulala kina mwenyewe mmoja, na wengine humo ni wageni. Katika kampeni ile kiti kilichokuwa kimeanza kuwa cha watu wa Kibra kilirudishwa kuwa mali ya mtu mkubwa, na hoja ya karo, ya vyoo, ya hati, ikazama.

Imran Okoth alipata kura 24,636, Mariga 11,230, Owalo 5,275. Usiku ule kabla matokeo hayajatangazwa rasmi, Mariga alimpigia simu mpinzani wake akampongeza. Kwa siasa zetu hilo lilikuwa jambo la nadra na lilifanyika vizuri. Ninachotaka ukitazame, hata hivyo, ni idadi ya waliobaki nyumbani. Wapigakura walioandikishwa walizidi 118,000. Waliopigia hao watatu ni 41,141. Mpambano uliochukuliwa kuwa vita vya vigogo wa nchi haukuwatoa nyumbani karibu theluthi mbili ya wenyeji.

Na upande wa pili wa mpaka? Lang'ata ilipoondokewa na Kibera iligeuka eneo tofauti haraka kuliko walivyotarajia wengi. Mwaka 2013 ilimchagua Joash Olum wa ODM, labda kwa mazoea. Mwaka 2017 ikamchagua Nixon Korir wa Jubilee, ikawa kambi tofauti na jirani yake kwa mara ya kwanza. Mwaka 2022 ikamchagua Phelix Odiwuor, anayejulikana zaidi kama Jalang'o, mchekeshaji na mtangazaji, kwa tiketi ya ODM; miezi michache baadaye alikwenda kumwona Rais Ruto na chama chake kikamgeuka. Mabunge matatu, wabunge watatu. Wengine huona hilo ni udhaifu. Kwangu ni dalili nzuri: South C na Nairobi West ni watu wanaobadilisha mawazo, na mbunge anayejua hivyo hulala macho. Kibra, ambako 2022 ODM ilimpa tiketi Peter Orero, aliyekuwa mkuu wa shule ya Dagoretti High, naye akashinda, haijaanza kubadilisha chama. Imeanza kubadilisha mtu.

Lakini kuna hasara, na sijasikia ikisemwa vya kutosha. Zamani mgombea wa Lang'ata alilazimika kuingia Lindi. Hata mtoto wa Leakey alilazimika. Alikanyaga tope lile, akasikia harufu ile, na kura za pale zikamfanya mbunge wa Karen pia. Leo mtu anaweza kugombea Lang'ata na kushinda bila kuvuka reli. Mpaka ulichorwa mahali ambapo ukuta ulikuwepo tayari.

Julai 2018 ulionekana wazi ukuta huo. Serikali ilikuwa inajenga barabara ya kuiunganisha Ngong Road na Lang'ata kupitia Kibera. Tarehe 23 matingatinga yaliingia alfajiri. Watu wapatao 30,000 walibaki bila makao, na shule kadhaa zikabomolewa wanafunzi wakiwa katikati ya mwaka. Barabara yenyewe ni nzuri, nimeipita, inaokoa muda. Muda unaookolewa ni wa wenye magari, na wengi wao wako ng'ambo. Waliobomolewa walikuwa na mbunge wao, waliofaidika walikuwa na wao, na hakuna mmoja kati ya wabunge hao aliyelazimika kuwatazama wote machoni kwenye mkutano mmoja. Katika Lang'ata ya zamani angelazimika.

Hata hivyo sitaki warudishwe pamoja. Nikiulizwa nichague kati ya mwakilishi mkubwa anayegawanwa na mtu wa kawaida aliye wao, nawachagulia watu wa Kibra wa pili, kwa ajili ya yale madarasa. Na hesabu haziruhusu tena: sensa ya 2019 iliikuta Kibra na watu 185,777 na Lang'ata na 197,489. Upande wa matajiri, ambao zamani haukuweza kumpeleka mtu bungeni peke yake, sasa umejaa maghorofa na umeupita upande wa mabati kwa idadi.

Katiba ilitaka mipaka ipitiwe upya kufikia Machi 2024. Muda ulipita tume ikiwa haina makamishna. Mipaka hiyo itapitiwa siku moja, na zitatumwa timu kuchukua maoni ya wananchi, kama ilivyo desturi, saa nne asubuhi kwenye ukumbi. Saa hiyo mtu wa Laini Saba yuko Karen anakata nyasi, yuko South C anafua, yuko langoni mwa mtu anafungua na kufunga. Amevuka mpaka wa eneo bunge kwa miguu gizani na atauvuka tena jioni. Kikao cha Kibra kifanyike Laini Saba, saa moja usiku, akiwa amerudi.